Kisa cha Chen Shui-bian: rais, kiwanja cha Longtan na hongo isiyo na muhuri

Novemba 2010, ndani ya siku sita, mahakama mbili za Taipei zilitoa majibu mawili kwa swali moja. Tarehe 5, Mahakama ya Wilaya ilimwachia huru Chen Shui-bian, rais mstaafu wa Taiwan, katika kesi ya mamilioni yaliyotoka kwa wenye mabenki wakati benki zikiunganishwa. Katiba, walisema majaji, haimpi rais kazi ya kuunganisha benki. Kama kazi si yake, fedha hizo haziwezi kuitwa hongo. Tarehe 11, Mahakama ya Juu ikamthibitishia kifungo katika kesi nyingine, ya kiwanja cha viwanda huko Longtan. Kununua viwanja nako si kazi ya rais kikatiba. Safari hii majaji walisema hilo halimwokoi.

Mshtakiwa mwenyewe alikuwa wakili, na wakili kwelikweli. Alizaliwa mwaka 1950 katika kijiji cha Guantian, wilaya ya Tainan, kwenye familia ya vibarua wa mashamba waliokuwa wakikopa ili mtoto asome. (Watu wa Taiwan hutanguliza jina la ukoo, kwa hiyo Chen ndilo la ukoo, mitaani walimwita A-bian.) Mwaka 1969 aliingia Chuo Kikuu cha Taifa cha Taiwan kusomea biashara, akahamia sheria, akafaulu mtihani wa uwakili kabla hata hajamaliza shahada. Mwaka 1975 akamwoa Wu Shu-chen, binti wa daktari, na mwaka uliofuata akawa mbia katika ofisi ya mawakili wa bahari: bima za meli, mizigo iliyoharibika njiani, madai ya makampuni ya uchukuzi. Ni kazi ya makaratasi matupu. Anayeshinda ni yule aliyesoma mkataba hadi maandishi madogo ya mwisho.

Natua hapo kwa sababu kisa chote kinazungukia tabia hiyo. Chen alikuwa mtu wa kuuliza: sheria imeandikwaje, ushahidi uko wapi, nani ana sahihi kwenye hati? Swali hilo lilimtoa kwenye bima za meli likamfikisha ikulu. Baadaye alijikinga nalo, na hapo ndipo lilipomtupa mkono.

Siasa ilimfuata ofisini mwaka 1980. Tarehe 10 Desemba 1979, Siku ya Haki za Binadamu, wapinzani waliokuwa nyuma ya jarida la Formosa waliandamana mjini Kaohsiung. Taiwan ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi tangu 1949, na chama kilichokuwa madarakani kilikuwa kimoja, Kuomintang. Polisi na waandamanaji walipigana, kisha viongozi wakakamatwa. Wanane walipelekwa mahakama ya kijeshi kwa kosa la uasi, ambalo adhabu yake inaweza kuwa kifo. Mawakili wakongwe wengi walikaa mbali. Inasimuliwa kwamba Chen naye alisita, na mkewe ndiye aliyemsukuma: kama huwezi kuichukua kesi hii, uwakili wako wa nini? Akamtetea Huang Hsin-chieh, mkubwa wa kundi lile.

Kesi ilisikilizwa Machi 1980. Wiki chache kabla, tarehe 28 Februari, mama yake Lin Yi-hsiung, mmoja wa washtakiwa, aliuawa nyumbani kwake pamoja na mabinti pacha wa Lin. Wauaji hawajajulikana hadi leo. Mawakili walisimama mahakamani katika hali hiyo kudai jambo lililoonekana la kawaida sana: maungamo yaliyoandikwa baada ya kuhojiwa usiku na mchana si ushahidi, na jarida lenye kibali si jeshi la waasi. Walishindwa. Shih Ming-teh alipata kifungo cha maisha, Huang miaka 14, waliosalia miaka 12 kila mmoja. Hata hivyo milango ya mahakama ilikuwa wazi kwa waandishi, wa ndani na wa nje, na magazeti yakachapa maswali na majibu kurasa kwa kurasa. Watu wakasoma hoja ambazo kwa miaka 30 hazikuwa zimeruhusiwa gazetini.

Ukitazama orodha ya waliokuwemo mle ndani unaona serikali ya baadaye. Upande wa mawakili kulikuwa na Chen, Frank Hsieh, Su Tseng-chang na Chang Chun-hsiung. Wa kwanza akawa rais, na hao watatu kila mmoja akawa waziri mkuu. Upande wa kizimba alikuwemo Annette Lu, atakayekuwa makamu wa Chen, na Chen Chu, atakayekuwa meya wa Kaohsiung. Shih Ming-teh naye tutakutana naye tena, na safari hiyo hatakuwa rafiki.

Mwaka 1981 Chen alichaguliwa diwani wa Taipei. Mwaka 1985 aligombea ukuu wa wilaya kwao Tainan, akashindwa. Tarehe 18 Novemba, alipokuwa akizunguka na mkewe kuwashukuru wapiga kura, gari lilimgonga Wu Shu-chen na kumwacha amepooza kuanzia kiunoni kushuka chini. Wafuasi waliamini ni jaribio la kuua. Dereva alichukuliwa kama aliyesababisha ajali. Tangu siku hiyo mama huyu yumo kwenye kiti cha magurudumu, na kila picha ya kampeni ya Chen ilikuwa pia picha ya kiti hicho.

Kifungo chake cha kwanza kilikuja mwaka uliofuata. Alikuwa mkurugenzi wa jarida lililoandika kwamba kitabu cha msomi mmoja aliye karibu na Kuomintang kilikuwa tafsiri iliyovishwa joho la utunzi. Msomi akashtaki kwa kukashifiwa. Chen alikataa kuomba radhi, akaenda gerezani Tucheng kwa miezi minane. Akiwa ndani, mkewe aligombea ubunge akashinda, na alipotoka Februari 1987 Chen akawa msaidizi wa mbunge Wu. Chama chao, DPP (Chama cha Maendeleo ya Kidemokrasia), kilikuwa kimezaliwa Septemba 1986 bila kibali. Sheria ya kijeshi ikaondolewa Julai 1987.

Miaka iliyofuata naipitisha upesi. Ubunge mwaka 1989. Umeya wa Taipei mwaka 1994, kwa kura chini ya nusu, kwa kuwa wapinzani wake walikuwa wamegawanyika. Alikuwa meya mzuri, mkali kwa watumishi wazembe, na alipenda ishara: mwaka 1996 barabara iliyo mbele ya ikulu, iliyobeba jina la kumtukuza Chiang Kai-shek, kiongozi wa zamani wa Kuomintang, aliipa jina la Ketagalan, watu wa asili wa bonde la Taipei. Mwaka 1998 aliangushwa na Ma Ying-jeou, naye msomi wa sheria, wa Harvard. Machi 2000 Kuomintang ilipasuka vipande viwili, na Chen akawa rais kwa asilimia 39. Utawala wa zaidi ya nusu karne ukaisha kwa sanduku la kura, bila risasi.

Risasi zilikuja mwaka 2004. Mchana wa tarehe 19 Machi, siku moja kabla ya uchaguzi, Chen na Lu walipigwa risasi na kujeruhiwa kidogo wakiwa kwenye gari la wazi mjini Tainan. Kesho yake alishinda kwa kura 29,518 kati ya karibu milioni 13. Nusu ya nchi haikumwamini tena, na imani hiyo haikurudi.

Sasa tufike kwenye fedha.

Rais wa Taiwan ana mfuko wa mambo ya dola, yaani ya serikali, fungu la matumizi yake ya kazi, na sehemu yake hutolewa kwa kuonyesha risiti. Risiti za Taiwan ni karatasi zenye namba, na kila miezi miwili serikali huchezesha bahati nasibu kwa namba hizo, kwa hiyo watu huzitunza. Hii ilirahisisha kuzikusanya. Waendesha mashtaka waligundua kwamba mke wa rais alikuwa akichukua risiti za manunuzi ya ndugu na marafiki na kuzipeleka ikulu kama matumizi ya serikali, jumla ya dola za Taiwan milioni 14.8. Mashtaka yalifunguliwa tarehe 3 Novemba 2006 dhidi ya Wu na maofisa wa ikulu. Kuhusu Chen mwenyewe, hati ilisema ushahidi upo, lakini kifungu cha 52 cha katiba kinampa rais kinga dhidi ya mashtaka ya jinai akiwa madarakani, isipokuwa uasi na uhaini. Wangemsubiri.

Utetezi wake ulikuwa kwamba fedha zilikwenda kwenye diplomasia ya siri na hawezi kutaja majina. Hoja hii si ya kucheka moja kwa moja. Taiwan ilikuwa ikinyang'anywa marafiki na Beijing mmoja baada ya mwingine, Afrika hasa: Liberia 2003, Senegal 2005, Chad 2006, na Malawi, jirani wa Tanzania, Januari 2008. Nchi inayoishi hivyo ina matumizi yasiyoandikwa. Ila diplomasia ya siri haielezi kwa nini risiti ni za watu wengine.

Siku mbili baada ya mashtaka, Chen aliahidi hadharani: mahakama ya kwanza ikimtia mke wangu hatiani, nitajiuzulu bila kusubiri rufaa. Ilisikika kama ahadi ya kiungwana. Isome tena kama wakili. Imefungwa kwenye tukio moja tu, hukumu. Tarehe 15 Desemba Wu alifika mahakamani mara moja, akazimia, akakimbizwa hospitali. Baada ya hapo aliomba udhuru wa ugonjwa kila alipoitwa, na kesi ikalala hadi mumewe alipomaliza muhula. Sidai mama huyu alijifanya. Afya yake ilikuwa mbovu kweli. Nasema tu kwamba Chen hakuvunja ahadi yake hata kidogo, na hakuna aliyeona kwamba ameitimiza.

Hata kabla ya mashtaka hayo mitaa ilikuwa imeshachemka. Mkwe wa rais alikuwa ameshakamatwa Mei 2006 kwa biashara ya hisa iliyotumia habari za ndani. Septemba, umati wa mashati mekundu ulikalia barabara ya Ketagalan, ile aliyoipa jina yeye, ukimtaka aondoke. Kila mwanaharakati alichangia dola 100 za Taiwan, na michango ilipita lengo la watu milioni moja. Aliyewaongoza ni Shih Ming-teh, aliyefungwa maisha mwaka 1980. Sheria haikumlazimisha rais kuondoka, wabunge hawakufikisha theluthi mbili za kumng'oa, naye akakaa.

Kinga ilikwisha tarehe 20 Mei 2008, siku aliyomkabidhi Ma Ying-jeou ofisi. Tarehe 14 Agosti, baada ya habari za akaunti za Uswisi kuanza kuvuja, aliitisha waandishi akakiri kwamba hakutaja fedha zote za kampeni zake na kwamba mkewe alihamishia nje mamilioni ya dola za Marekani, anavyosema, bila yeye kujua. Kesho yake akajitoa DPP. Novemba akatolewa na polisi akiwa amefungwa pingu. Aliinua mikono yake juu ili kamera zote zizione. Mtetezi wa 1980 alijua picha hiyo inasema nini.

Hapa kesi dhidi yake inaanza kuchafuka, na wanaompenda wana haki ya kulisema. Desemba 2008 jopo la Jaji Chou Chan-chun lilimwachia asubiri kesi akiwa nje. Waendesha mashtaka walikata rufaa, jopo likamwachia tena. Ndipo mahakama, kwa uamuzi wa ndani wa majaji wake, ikahamisha kesi kwenda kwa Jaji Tsai Shou-hsun, aliyekuwa na faili la zamani la mke wa rais, na kabla ya mwaka kwisha Tsai akamrudisha mahabusu. Huyu ndiye jaji aliyekuwa amemwachia huru Ma Ying-jeou katika kesi ya posho ya umeya. Januari 2009 waendesha mashtaka, kwenye sherehe yao ya Siku ya Sheria, waliigiza mchezo wa kuchekesha wakidhihaki pingu zilizoinuliwa juu. Jerome Cohen, profesa wa Marekani aliyemfundisha Ma mwenyewe, aliandika waziwazi kupinga kubadilishwa kwa majaji. Oktoba 2009 Baraza la Majaji wa Katiba lilisema, katika tafsiri namba 665, kwamba kuunganisha kesi namna ile hakukuvunja katiba. Pengine ni hivyo kisheria. Lakini mshtakiwa anayeona jaji aliyemwachia akiondolewa katikati ya kesi hana sababu ya kuamini, na mimi singeamini pia.

Tarehe 11 Septemba 2009 Tsai aliwapa Chen na mkewe kifungo cha maisha. Juni 2010 Mahakama Kuu, ya rufaa, iliyo chini ya Mahakama ya Juu, ikapunguza hadi miaka 20. Kisha ikaja ile Novemba.

Kiwanja cha Longtan, wilaya ya Taoyuan, kilikuwa mali ya kampuni iliyoelemewa na madeni. Mwenye mali alitaka serikali ikinunue kupitia mamlaka ya bustani ya viwanda ya Hsinchu, na mamia ya mamilioni ya dola za Taiwan yakafika kwa mke wa rais. Kesi ya pili iliyoamuliwa siku hiyo ilikuwa ndogo zaidi: milioni 10 kutoka kwa mwanamama aliyetaka kubaki na cheo kwenye makampuni ya fedha, akaishia kupewa uenyekiti wa kampuni ya jengo la Taipei 101.

Sheria ya rushwa ya Taiwan huadhibu mtumishi anayepokea kitu kwa tendo lililo ndani ya majukumu ya wadhifa wake. Utetezi ukaja na katiba mkononi. Chombo cha juu cha utendaji ni Baraza la Mawaziri chini ya waziri mkuu. Kununua kiwanja kunapita kwenye baraza la sayansi na mamlaka ya bustani. Kumpata mwenyekiti wa Taipei 101 kunapita kwenye bodi na wanahisa. Rais hana pahala pa kugonga muhuri katika safari yote hiyo. Fedha zinaweza kuwa mchango wa siasa usiotajwa, au aibu tupu, lakini si hongo kwa maana ya kifungu.

Ni hoja safi. Mahakama ya Wilaya ilikuwa imekubali inayofanana nayo siku sita tu nyuma. Mahakama ya Juu ikaikataa kwa kuuliza lingine: ni nani anayemteua waziri mkuu? Rais. Waziri mkuu akipewa ujumbe na aliyemteua, ataufanya nini? Kwa hiyo, walisema, tendo la wadhifa si lile tu lililoandikwa kwenye orodha ya kazi. Ni lolote ambalo mwenye wadhifa ana ushawishi halisi juu yake kutokana na wadhifa huo. Chen alitumia sauti yake kwa waziri mkuu ili kiwanja kipite, na fedha zilikuwa malipo ya sauti hiyo. Miaka 11 kwa Longtan, minane kwa Taipei 101. Vikaunganishwa kuwa miaka 17 na nusu. Ule ushindi wa kesi ya benki nao haukudumu: Mahakama Kuu iliugeuza mwaka uliofuata.

Nakubaliana na majaji juu ya uhalisia wake. Anayejua ofisi za serikali, popote, anajua kwamba simu ya mkubwa asiye na muhuri hufungua faili lililokwama kuliko barua tatu zenye muhuri. Kusema rais hahongeki kwa sababu karatasi haimtaji ni kuwapa wakubwa kibali cha kula kupitia wadogo. Kinachonisumbua ni wakati. Kigezo hiki kilikamilishwa kwa maneno dhidi ya mtu mmoja, adui mkubwa wa chama kilichorudi madarakani, baada ya majaji kubadilishwa. Mwanasheria wa jinai anataka kujua mpaka kabla ya kuuvuka. Chen angeweza kudai, na alidai, kwamba mpaka ulisogezwa akiwa ameshasimama.

Lakini dai hilo linatoka kwa mtu aliyeruhusu fedha zipite nyumbani kwake. Mwaka 1980 aliwaambia maofisa wa jeshi kwamba karatasi ya maungamo si ukweli. Mwaka 2010 aliwaambia majaji kwamba karatasi ya majukumu ndiyo ukweli wote.

Gerezani alikaa kwenye chumba cha kama mita za mraba 4.5, pamoja na mfungwa mwingine, akilala sakafuni. Afya ikaporomoka: sonona kali, matatizo ya usingizi, mikono inayotetemeka. Mwaka 2013 alihamishiwa Taichung, na tarehe 5 Januari 2015 akaachiwa kwa matibabu, ruhusa iliyoongezwa tena na tena. Mkewe hakufungwa kabisa. Februari 2011 hospitali ya gereza ilisema haiwezi kumhudumia. Mwaka 2022 Bunge, wakati huo lenye wingi wa DPP, lilirekebisha Sheria ya Uhasibu na kufuta jinai iliyohusu mfuko wa mambo ya dola wa miaka ile. Watetezi wa mabadiliko walikumbusha kwamba posho za mameya na mawaziri, aina ile ile iliyompeleka Ma mahakamani, zilikuwa zimesamehewa kwa sheria hiyo hiyo mwaka 2011. Longtan na Taipei 101 hazikuguswa.

Kipimo bora cha haki ya hukumu ya Longtan ni mtu mwingine. Lin Yi-shih, kigogo wa Kuomintang na katibu mkuu wa Baraza la Mawaziri wakati wa Ma, alikamatwa mwaka 2012 kwa kupokea mamilioni kutoka kwa mfanyabiashara aliyetaka mkataba wa mabaki ya kampuni za chuma. Fedha alizipokea akiwa mbunge, na ubunge haumpi mtu kazi ya kugawa mikataba ya chuma. Aprili 2013 Mahakama ya Wilaya ya Taipei ilimsafisha kosa la hongo kwa sababu hiyo hiyo, ikampa miaka saba na miezi minne kwa makosa mengine, na wafuasi wa Chen wakapiga kelele kwamba ushawishi halisi ni kwa A-bian peke yake. Walikuwa na sababu. Februari 2016 Mahakama Kuu iligeuza uamuzi: ni hongo, miaka 13 na nusu.